Mkataba Nilioutia Sahihi kwa Kicheko

Sayansi ya siasa niliisomea katika darasa la nne B. Chuo chetu cha jioni pale Nachingwea hakikuwa na jengo lake. Kiliazima vyumba vya shule ya msingi, na ikifika saa kumi na moja watoto wakitoka, tulioingia ni sisi wenye vitambi na mvi, tukajikunja kwenye madawati ya watoto wa miaka kumi mpaka magoti yakawa jirani na masikio. Ukutani palikuwa na mchoro wa meno ya binadamu na mchoro wa panzi, kila kiungo chake kimeandikwa jina. Chini ya panzi yule ndipo nilipofundishwa dola ni kitu gani.

Mwalimu wetu alikuwa mstaafu, mrefu wa kutosha kubadilisha taa bila ngazi, na mbahili wa chaki kuliko binadamu yeyote niliyepata kumwona. Naapa kipande kimoja alikitumia mihula miwili. Jioni ya kwanza alichora mti ubaoni.

"Siasa mnayoijua nyie ni ya majukwaani," alisema. "Iacheni huko huko. Hapa tuna mti wenye matawi. Hili hapa ni nadharia ya siasa: linauliza kwa nini mtu amtii mtu mwenzake, na ni nani amempa huyo haki ya kuamrisha. Hili ni siasa linganishi: linachukua nchi hii na ile, linaziweka kwenye mizani moja, linauliza mbona huku pametulia na kule panawaka. Hili ni uhusiano wa kimataifa: watu wasio na mkubwa juu yao wanaishije bila kuchinjana? Na hili ni utawala wa umma. Hili linauliza faili lako liko wapi."

Tulicheka mpaka panzi akatikisika ukutani. Mwalimu akasubiri tumalize, akaligonga shina la mti wake kwa kidole.

"Na hapa ni mbinu za utafiti. Unajuaje kwamba unachokisema ni kweli?"

Mimi shina lile sikulipenda tangu jioni ile.

Sauti ikatoka dawati la mwisho. "Mwalimu, huo mti wako ng'ombe wangu wangeumaliza asubuhi moja."

Aliyesema alikuwa mwanamume mwembamba mwenye kofia pana, fimbo kaisimamisha ukutani, miguuni ndala za tairi. Alikuwa mfugaji. Ukoo wao ulitoka Kanda ya Ziwa na ng'ombe wao, wakaswaga miaka mingi wakishuka kusini, wakahamishwa mahali pa kwanza, wakahamishwa pa pili, mwisho wakatua upande wetu wa Ruangwa, kwenye pori linalopakana na kijiji changu, huku Nkowe. Nilikuwa nimewaona kwa mbali kama kila mtu. Kwa karibu, huyu ndiye alikuwa wa kwanza.

Nikampenda dakika ile ile. Kwa kuwa tulikuwa tunarudi njia moja, nikawa nampakia kwenye pikipiki yangu, mwendo wa saa nzima wa vumbi. Fimbo yake aliilaza mapajani, imetokeza huku na huku, hata wenye baiskeli walitupisha kama wanapisha treni. Njiani tulikuwa na kalavati moja tunaposimama kuulizana maswali ya mtihani, na pale ndipo nilipogundua kwamba yeye ameisoma siasa kabla ya kufika darasani.

"Nipe mfano wa uhusiano wa kimataifa," namwuliza.

"Kisima."

"Kisima vipi?"

"Nyie mnataka maji, sisi tunataka maji. Mwenyekiti wenu mimi si mwenyekiti wangu. Mzee wetu nyie si mzee wenu. Nani yuko juu ya kisima?"

"Serikali."

"Imefika lini kisimani?"

Nikawasha pikipiki.

Ukweli ni kwamba hali ilikuwa mbaya, na hapa siongezi chumvi hata punje. Msimu wa ufuta ng'ombe walikuwa wameingia mashambani. Msimu wa korosho waliyafuata mabibo, yale matunda ya korosho, chini ya mikorosho, maana ng'ombe akishaonja bibo hamsikii mchungaji wala Mungu. Katika kijiji cha jirani watu waliamka wakakuta fahali amekatwa mishipa ya miguu ya nyuma, bado anajaribu kusimama. Wiki ile ile mkulima mmoja alipigwa fimbo shambani kwake akapoteza jicho. Wanawake wakawa hawaendi kuteka maji mmoja mmoja. Salamu za njiani zikakatika. Mtu anakuona, anageuza uso anatazama mikorosho kana kwamba leo ndiyo mara ya kwanza kuiona.

Ukoo wa rafiki yangu ulikuwa umekubaliwa kijijini kwetu "kwa muda". Muda huo ulikuwa unaisha. Baada ya mavuno ungeitishwa mkutano mkuu wa kijiji, na ajenda moja ingekuwa yao: wapokelewe kuwa wakazi na wapimiwe eneo la malisho, au wapewe siku za kuondoka. Alinieleza pale kalavatini, fimbo katikati ya magoti.

"Ng'ombe wamebaki nusu ya tuliotoka nao. Mama yangu magoti hayamchukui tena. Mzee ndiyo kabisa. Tukihamishwa mara ya tatu, sisi si watu wa kufika."

"Hutahama," nikamwambia. "Mjomba wangu yuko serikali ya kijiji. Mimi na yeye tukisimama, mkutano mzima unakaa."

Kwetu Wamwera mjomba ndiye mwenye mtoto. Baba ni mgeni anayeheshimiwa. Mjomba wangu alikuwa mtu wa maneno machache, na akisema, watu wanatafuta pa kukaa. Kwa hiyo ahadi yangu haikuwa ya bure. Ilikuwa ya kujitutumua tu.

Sasa mkataba wenyewe. Jioni moja mwalimu alituuliza: mataifa yasiyo na mkubwa juu yao yanajizuiaje? Mmoja akasema majeshi, mwingine akasema biashara. Mimi nikanyoosha mkono mpaka dawati likalia.

"Utani, mwalimu!"

Nikasimama nikaeleza kama niliyekuwepo. Kwamba zamani Wamwera na Wayao na Wamakonde na Wamakua walivamiana, wakachukuliana watu na nafaka, kisha wazee wakakaa wakaweka utani, na tangu siku hiyo mtani akija kwako anabeba kuku wako, anakutukania pua yako mbele ya wakwe, nawe unacheka. Ukifa, yeye ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Mwalimu alifurahi hata akaandika neno UTANI ubaoni kwa herufi kubwa, akatumia chaki ya wiki nzima.

"Huyu leo ametufundisha," akasema.

Sifa zikanipanda kichwani kama tembo la asubuhi. Nikamgeukia mfugaji: "Wewe! Kuanzia leo mtani wangu. Watu wako na watu wangu."

"Nimekubali," akasema. "Ila ndama sitoi."

Darasa likapiga makofi. Nikachana karatasi kwenye daftari, nikaandika mkataba wa vifungu vitatu, tukatia sahihi, muuguzi wa zahanati aliyekuwa anasoma nasi akatia yake kama shahidi. Tukaubandika chini ya panzi.

Tangu hapo nikawa naingia kwenye mji wao bila hodi. Nasimama mlangoni pa zizi napaza sauti: "Leteni ndama wangu! Mtamnyonyesha mpaka lini?" Rafiki yangu anajibu: "Mchukue, ukimkamata!" Mama yake anacheka, ananimiminia maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Mimi sikukuzwa kwa maziwa. Ya kwanza niliyameza nimefumba macho, ya pili nikaanza kuyaulizia. Baba yake mzee alikuwa anakaa kwenye kigoda, ananitazama bila kusema. Kando yake alikaa kaka yake, baba mkubwa wa rafiki yangu, kimya vilevile. Nikadhani wazee wana aibu.

Nilipomweleza mjomba habari za mkataba, alikuwa anachambua korosho kwenye mkeka. Alizungumza Kimwera, Kiswahili alikiweka akiba kwa ajili ya ofisi.

"Utani una wazee waliokaa," alisema. "Wewe umekaa na nani?"

"Nimekaa na yeye, mjomba. Tuna karatasi."

"Karatasi," akasema, akarudi kwenye korosho zake.

Zilikuwa zimebaki siku kumi mkutano ufike, yule baba wa rafiki yangu akafa. Alilala mchana chini ya banda, hakuamka. Rafiki yangu alinipigia simu, akasema maneno manne tu: "Mzee hayupo. Tunazika hapa."

Nilikwenda kwa mjomba mbio. Alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili.

"Wamesema wanazika hapa?"

"Hapa hapa. Zizini. Kwao mwenye mji huzikwa zizini."

"Basi kwisha," akasema mjomba. "Mtu mwenye kaburi si mpita njia. Nani atasimama mkutanoni amfukuze mwenye kaburi?"

Na yeye mtu wa maneno machache akatoka kupita nyumba kwa nyumba. Asubuhi yake nikaona jambo ambalo sikutarajia kuliona. Wanaume wa kijiji chetu, na kati yao waliokuwa wamepoteza ufuta, walikuja na majembe na sululu, wakaingia zizini, wakachimba pamoja na wafugaji. Udongo wa zizi ulikuwa laini juu na mgumu chini. Wakapokezana. Mmakonde mmoja aliyekuwa na shamba jirani, ambaye miezi miwili kabla aliapa hatawapa hata moto, alikuwa ndani ya shimo mpaka kiunoni, anarusha udongo. Hakuna aliyesema "karibu" wala "tumewasamehe". Walichimba. Nilimwona mjomba amesimama pembeni anahesabu vichwa vya wajumbe wa mkutano, midomo ikichezacheza.

Hapo ndipo nilipopaswa kurudi nyumbani. Ningeshika sululu tu kama wenzangu, leo nisingekuwa na cha kuandika.

Lakini msomaji aliyewahi kuzika kwetu anajua: maziko bila watani yamechacha. Watani ndio wanaozuia jeneza mlangoni wakidai chao. Wanaiga kikohozi cha marehemu, wanajipaka majivu, wanalala kaburini mpaka mtu awatupie kitu, na waliofiwa wanajikuta wanacheka huku machozi yanatoka. Nikaangalia zizini: wageni wamekaa upande mmoja, wenyeji upande mwingine, na katikati kimya. Nikajiambia, hawa hawana mtani hapa isipokuwa mimi. Kijiji kizima kipo. Nikifanya utani leo, kila mmoja ataona kwamba hawa ni wetu.

Mwili ulikuwa bado ndani ya nyumba. Nikavua viatu, nikarukia kaburini, nikalala chali, mikono kifuani.

"Simpishi mtu!" nikapaza sauti. "Mpaka niletewe ndama wangu! Mzee kaja na ng'ombe elfu tisa, wamekula mabibo mpaka wakawa wanapiga miayo ya pombe, leo anataka kulala bure kwenye ardhi yetu? Hapana! Na nyie mlioko huko juu msinicheke, bado nyie! Tutawazika wote hapa hapa, mmoja mmoja, mpaka ng'ombe wabaki wetu!"

Kwetu hapo mtu angecheka, kisha wa pili, kisha shangazi fulani angenirushia unga usoni. Nilingoja unga.

Ukiwa umelala kaburini unaona kipande cha mbingu na nyuso zilizoinama. Nilimwona baba mkubwa wa rafiki yangu anarudi nyuma hatua moja, na walio nyuma yake nao wakarudi hatua moja, na mama mmoja akatoa sauti ambayo haikuwa ya kulia marehemu. Upande wa kwetu hakuna aliyekohoa. Kisha mkono wa mjomba ukanishika ukosi.

"Toka," akasema, kwa Kiswahili.

Wakazika haraka. Hakuna aliyenizuia kusimama pale na hakuna aliyenisogelea. Walipomaliza, nikamfuata rafiki yangu nyuma ya banda.

"Umesema bado sisi," aliniambia.

"Utani, mtani wangu! Si unajua?"

"Mimi najua. Baba mkubwa hakusoma darasa la nne B."

"Mwambie basi."

"Nimemwambia. Ameniuliza kama na yule fahali aliyekatwa miguu alikatwa kwa utani."



Kesho yake mjomba akakamata kuku mweupe, akanipa nimbebe, tukaenda kuomba radhi. Mazungumzo yalipita kwenye vinywa vitatu. Mjomba anasema Kimwera, mimi nageuza Kiswahili, rafiki yangu anageuza kilugha chao, kisha jibu linarudi njia ile ile, limechoka. Nilijitahidi nisipambe. Nikasema nimekosa, kwamba kwetu yale ni heshima, kwamba nilitaka kuwaonyesha wenzangu kuwa wao ni ndugu.

Baba mkubwa alisikiliza akitazama mikono yangu na yule kuku. Akauliza swali moja.

"Nani alikutuma?"

Nikajua hili ndilo la kuokoa kijiji. Nikajibu upesi: "Hakuna aliyenituma, mzee. Si mwenyekiti, si mjomba, si mtu. Ni mimi mwenyewe."

Rafiki yangu hakugeuza. Alinitazama kama ananipa nafasi ya kusema kingine. Sikuielewa nafasi hiyo. Akageuza.

Mzee akajibu polepole, na rafiki yangu akatamka macho chini: "Anasema, ungekuwa umetumwa, angekwenda kwa aliyekutuma, wakakaa, wakamaliza. Kama hukutumwa, basi hakuna anayeweza kukuita urudi. Wewe na wenzako wenye mapanga."

"Mimi ninaweza kumwita," mjomba akasema. "Mpwa wangu huyu."

Jibu lilirudi: "Ulikuwepo kaburini. Hukumwita mpaka alipomaliza."

Tukamwacha kuku, tukaondoka kwa miguu, pikipiki naikokota, maana kuiwasha kwenye mji ule niliona haya. Tulipofika barabarani ndipo akasema.

"Ni kweli. Nilingoja kidogo. Nilitaka nione kama watacheka."

Walihama siku ya tatu, alfajiri, kabla ya adhana. Nilipofika majivu yalikuwa na joto. Zizi tupu, miiba ya ua imesukumwa upande mmoja, kwato zimeelekea bonde la Mbwemkuru. Yule kuku mweupe alikuwa bado pale, anachakura kwenye samadi. Kaburi lilikuwa katikati ya zizi, udongo wake mpya. Nikapiga simu, haipatikani. Nikapiga tena, nikapiga mpaka chaji ikaisha.

Mkutano mkuu ulifanyika kama ulivyopangwa. Mtendaji wa kijiji akasoma ajenda: kupokea wakazi wapya. Akaangalia huku na huku. Mjomba akasimama na kusema kwamba alikuwa amepata ahadi za watu wengi, kwamba siku ile ya kuchimba kaburi alihesabu, na wangepita. Mwenyekiti akamwambia kwa upole kwamba hakuna wa kupokelewa. Mtendaji akaandika: wahusika hawapo. Ajenda ikafungwa kwa muda mfupi kuliko wa kufunga ndoo.

Ningependa kusema watu walihuzunika. Wale waliochimba kaburi waliinama, hilo niliona. Lakini baada ya mkutano wengine walinizunguka. Mmoja akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Msomi wetu! Wenzetu wa kijiji cha jirani wametumia mapanga mwaka mzima. Wewe umewaondoa kwa mdomo."

"Sikutaka waondoke," nikasema.

"Eti hakutaka!" Wakacheka wote, kile kicheko nilichokingoja kaburini. "Hiyo ndiyo elimu. Anawaondoa halafu anasema hakutaka!"

Kila nilivyokana, ndivyo walivyozidi kuona nina akili. Mkutano uliofuata wakanipendekeza kamati ya ardhi ya kijiji, nikapita bila kupingwa. Ningeweza kukataa. Nilijiambia nikiwa ndani nitazuia lingine kama lile lisitokee, na labda nilikuwa nasema kweli, ila pia nilipenda kuitwa mheshimiwa.

Mtihani ulikuja. Swali la kwanza: jadili matawi makuu ya sayansi ya siasa, na uonyeshe kwa mifano jinsi yanavyoingiliana. Nilijaza karatasi nane. Niliandika kisima. Niliandika kwamba nadharia haiko mbali na utawala wa umma, kwa sababu muhuri wa mtendaji hauna nguvu kama watu hawaamini ana haki nao; kwamba huwezi kufahamu amani ya jirani kwa kuipima na mizani ya kwako peke yake, ndiyo maana siasa linganishi ikawa somo na si matembezi. Yote niliyoyaandika yalikuwa ya rafiki yangu, ya kalavatini. Dawati la mwisho lilikuwa tupu, na msimamizi alikuwa ameliwekea karatasi ya maswali, maana jina lake bado lilikuwa kwenye orodha.

Nilifaulu kila tawi. Mbinu za utafiti nilianguka, nikarudia.

Jioni ya kuchukua matokeo mwalimu aliubandua ule mkataba ukutani. Nilikuwa nimemsimulia yote. Aliusoma taratibu, vifungu vyote vitatu, kama anayesahihisha.

"Kosa langu pia," alisema. "Nilipaswa kuwauliza nyie wawili mnasaini kwa niaba ya nani. Nilifurahi mno." Akaukunja, akautia mfuko wa shati, hakunirudishia.

Mvua za kwanza zilipokaribia, kamati yetu ikagawa lile pori. Eneo la zizi liliombwa na yule Mmakonde aliyechimba mpaka kiunoni. Udongo wa zizi ni utajiri, ukipanda mahindi yanakuwa marefu kukushinda. Nilisema pale kuna kaburi. Mwenyekiti wa kamati akauliza kaburi la mkazi gani, na katika daftari la kijiji yule mzee hakuwahi kuwa mkazi. Wakapiga kura. Mimi nilinyoosha mkono kupinga, peke yangu, kisha kwa kuwa ni mjumbe, muhtasari ulipoletwa niliutia sahihi na mimi. Safari hii nilikuwa na mamlaka yote.

Wiki mbili baadaye simu yangu ikaita, namba nisiyoijua.

"Mtani," ikasema.

Nilikaa chini nilipokuwa nimesimama. Aliniambia wako mbali, ng'ambo ya mto, mahali pa pili tangu waondoke. Pa kwanza walikataliwa. Ng'ombe wengi waliachwa njiani. Mama yake walimbeba kwenye mkokoteni siku tisa, siku ya kumi wakawa hawana wa kumbeba. Alisema hivyo hivyo, bila kupandisha sauti. Hakuwa amepiga kutafuta pole.

"Mzee yupo?" akauliza. "Pale tulipomweka. Nenda ukaangalie uniambie. Usinipambie."

Nikapanda pikipiki. Nilipofika, yule Mmakonde alikuwa shambani ameinama, jembe linapanda na kushuka. Aliponiona akapaza sauti kwa furaha, kwa kuwa yeye ni mtani wangu wa kweli, wa tangu mababu.

"Mmwera umekuja kulima au kuomba ugali? Si wewe uliyesema tutawazika wote? Mbona umeniachia mmoja tu!"

Alingoja nimjibu. Ni desturi kujibu. Nikamwomba anionyeshe mahali penyewe, akanyoosha mkono bila kuona kosa lolote. Wakati wa kuchimba lile kaburi mikono yake ilitoka malengelenge, yangu haikutoka hata moja. Nikapima kwa miguu yangu. Nikapiga simu.

"Upande wa kichwa umelimwa," nikasema. "Nyayo mbili. Katikati bado. Upande wa miguu kuna majani."

Nyuma yake nikasikia kengele za ng'ombe, si nyingi.

"Amemaliza kulima?"

"Bado. Anaendelea."

"Basi simama hapo pa katikati mpaka amalize."

Nikasimama. Nilimweleza mwenye shamba, akanitazama, akacheka kidogo, kisha akaacha. Akarudi kwenye jembe lake. Jua lilikuwa la saa saba na hapakuwa na mti. Alilima akija upande wangu, mstari baada ya mstari, udongo mweusi wa samadi ukinirukia miguuni. Aliponifikia alisema "samahani, mtani", akalima akinizunguka, upande huu na upande huu, akaenda zake mbele.

Nilikuwa nimesimama bado alipotia jembe begani kwenda kuswali alasiri.